Kipande Shingoni

Msomaji wangu, ukisimama leo juu ya vilima vya Birongo, ukatazama migomba na mashamba ya majani ya chai, huenda usisadiki kwamba zamani mwanamume wa nchi hii hakuweza kwenda kutafuta kazi ugenini pasipo cheti cha serikali. Cheti hicho kiliitwa kipande.

Waingereza walijenga boma la Kisii mwaka 1907. Kisha ikaja kodi ya nyumba, nayo ilitakiwa kwa fedha. Wimbi na ng'ombe walikuwa navyo wazee wetu. Fedha haioti shambani. Basi wanaume wa Nyanza wakaondoka kwa miezi michache, hawa kwenda kwenye reli, hawa kuchimba magadi, na baada ya 1931 wengine kwenye dhahabu ya Kakamega. Muda wao ukiisha, wakarudi kwao.

Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Alama za vidole vya mtu zilipigwa katika karatasi, nayo ikatiwa ndani ya kikopo cha bati, akaivaa shingoni. Humo bwana wake aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Hapo ndipo palipokuwa na kifungo: asipotia sahihi bwana wa kwanza, wa pili hakuruhusiwa kumwajiri. Aliyetoroka kazi alishitakiwa kama mhalifu, hata kama alikimbia mapigo.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikipinga kipande mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati uliokusanyika Nairobi kumdai ulipigwa risasi, na wengi wakafa. Sheria ya mwaka 1947 ndiyo iliyokiondoa, ikaamuru watu wa rangi zote waandikishwe.

Je, jambo hili limepita? Marekani hutoa viza iitwayo H-2B kwa wageni wafanyao kazi za msimu zisizo za shamba, kama za hoteli. Mwenye viza hiyo hufungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Hachukuliwi alama ili avae bati, tena huenda kwa hiari yake. Walakini swali ni lile lile. Nawe, siku utakapopewa karatasi ya kazi, usiulize mshahara peke yake. Uliza pia: nikidhulumiwa, je, karatasi hii itaniruhusu kuondoka?