Kushika Mpini

Kwetu Lamu mtu akikuambia, "Mwenzio ameshika mpini, wewe umeshika makali," huna haja ya kuuliza ni nani atakayeumia. Nilikua nikiusikia msemo huo, nikaamini kwamba la muhimu ni kuupata mpini tu. Namna ya kuushika haikuwa hoja. Ilinigharimu safari ndefu na vidole viwili kujua kwamba mipini nayo ina historia yake, na kila mshiko una bei yake.

Mwaka 1976 nilikuwa London, nikisomea ufundi wa mitambo. Upweke wa jioni za baridi ulinizidi, nikajiandikisha katika darasa la mchezo wa vitara, yaani ule wa kupigana kwa panga butu kwa kanuni na adabu. Nilijiona mwenyeji tangu siku ya kwanza, kwa kuwa utotoni nilicheza kirumbizi arusini, fimbo mkononi. Mwalimu, mzee mwenye mvi, alinipa flureti, upanga mwembamba usiofika hata nusu kilo. Nikaukamata kwa ngumi nzima. Akacheka, kisha akanikunjua vidole kimoja kimoja.

Mpini alionipa ulikuwa wa Kifaransa: umepinda kidogo tu ili ukae vyema kiganjani, na mwishoni una kirungu cha chuma cha kusawazisha uzito. Kidole gumba hukaa juu na cha shahada chini, na hivyo viwili ndivyo viongozi wa ncha. Vitatu vilivyobaki ni wasaidizi: hubana pigo linapokuja, hulegea likishapita. Walimu wa mchezo huu wana mfano wao wa siku nyingi, kwamba upanga ushikwe kama ndege mdogo: usimbane akafa, usimlegeze akaruka.

Mpini huo ni mrithi wa upanga mwepesi ambao mabwana wa Ulaya waliuvaa kiunoni katika karne ya 18. Ni enzi za Domenico Angelo, Mtaliano mzaliwa wa Livorno, aliyefungua shule ya upanga London na mwaka 1763 akachapisha kitabu kikubwa kwa Kifaransa, chenye picha za mikao na mapigo. Lakini huko Italia walishikilia mpini wa wazee wao, wenye kijiti cha chuma kilichokingama nyuma ya kikombe kinachokinga mkono. Vidole hujishikiza hapo, na wengi waliufunga mpini huo kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda. Mfaransa alisema mkono uliofungwa hupoteza hisia. Mtaliano alisema mkono usiofungwa hupokonywa upanga.

Ubishi huo ulidumu vizazi, na kila upande ulikuwa na shahidi wake. Katika Olimpiki ya Antwerp, mwaka 1920, Nedo Nadi wa Italia alitwaa medali tano za dhahabu. Amsterdam, mwaka 1928, Lucien Gaudin wa Ufaransa akashinda flureti, akashinda na epe, ambayo ni upanga mzito zaidi. Basi nani alikuwa na haki? Mimi, mwanafunzi wa Kifaransa, sikuwa na shaka. Niliupenda mpini wangu kama mtu apendavyo lahaja ya kwao.

Mwaka 1978, katika karakana nilimokuwa nikifanya mazoezi ya kazi, mashine iliuma mkono wangu wa kulia. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilibaki mahali pake, lakini havikukunjika tena. Niliporudi ukumbini, ncha ya upanga ilianguka kila ilipoguswa. Wasaidizi walikuwa wamekwenda, na viongozi peke yao hawakuweza kitu.

Mwalimu akanitolea mpini mwingine, wenye vipembe na mabonde, mfano wa kitako cha bastola, kila kidole na nafasi yake. Katika kanuni za mchezo huitwa mpini wa ortopedia, yaani wa tiba ya mifupa na viungo, na walimu husimulia kwamba ulibuniwa kwa ajili ya mtu aliyepoteza vidole. Kwangu ulikuwa gongo la kiwete. Nikaurudisha bila neno, na majira yote ya baridi sikukanyaga tena pale.

Nilikwenda tena masika, kurudisha kofia ya uso niliyoazimwa. Jukwaani alikuwapo binti aliyetushinda sote, vidole vyake kumi vizima kabisa, na mkononi ameshika mpini uleule nilioukataa. Mwalimu aliona ninapotazama. Akanieleza kuwa tangu miaka ya 1950, flureti ilipotiwa umeme ili taa iwake mtu akiguswa, ncha ilizidi uzito, na wazima wengi wakaona kumbe kifaa cha mlemavu kinawafaa wao pia. Leo hii wachezaji wengi wa flureti huutumia, na hakuna anayewauliza wameumia wapi.

Nikarudi darasani. Sitakudanganya, msomaji, kwamba sikupoteza kitu. Mpini ule hukupa nguvu, lakini hukunyima ule mchezo mwembamba wa vidole, na mpaka leo naukumbuka. Wa Kifaransa nao una hila yake: mchezaji wa epe huweza kuushika nyuma kabisa, karibu na kirungu, akajiongezea sentimita kadhaa za kumfikia mwenzake, ila pigo zito likija mkono hauna uwezo wa kulizuia. Hakuna mpini unaotoa vyote. Nilichojuta si mpini niliouchukua, bali miezi ile niliyoitupa kwa kuogopa macho ya watu, ambao kumbe hata hawakuwa wakinitazama.

Mwaka 2024 Alexandra Ndolo aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Paris, Mkenya wa kwanza kufika huko kwa mchezo huu. Mjukuu wangu aliyekuwa akitazama nami alichukua mwiko jikoni, akausimamisha mbele yangu.

"Babu, upanga hushikwaje?"

Nilitaka kumweleza habari za Ufaransa na Italia. Nikaona nianze mahali ambapo mimi nilichelewa kuanzia.

"Weka mwiko chini kwanza," nikamwambia. "Nionyeshe mkono wako."