Nyongeza Gani Hii ya Kulipiwa?

Sokoni Kibuye, Kisumu, ukishapimiwa omena kwenye gorogoro huondoki papo hapo. Unasimama, unamtazama mama muuzaji, naye anachota kiganja kimoja na kukimwaga juu ya ulichonunua. Anayejua Kijaluo haoni haya kutamka: medna. Hiyo ndiyo nyongeza. Haina bei, na mchuuzi anayeinyima hupata sifa ya mkono wa birika.

Naanza na omena kwa sababu ya swali la mpwa wangu, aliyekuwa na insha ya kuandika kuhusu gemu. "Mjomba, DLC kwa Kiswahili ni nini?" Nikajibu kama mtu anayejua: nyongeza. Akacheka. "Nyongeza ya kununua, mjomba?"

Akawa amenikamata. DLC, yaani downloadable content, kwa kawaida ni sehemu ya gemu inayouzwa peke yake, mbali na bei uliyotoa kupata gemu yenyewe: ramani mpya, mhusika mpya, jezi, hata vazi la farasi. La farasi si mzaha. Aprili 2006, Bethesda, watengenezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion, waliuza deraya ya farasi kwa dola 2.50. Wachezaji walikejeli, wakalalamika, kisha wakanunua. Kampuni nyingine zilikuwa zikitazama.

Wafasiri wengi huandika "maudhui yanayopakuliwa". Kwa kamusi, sina ugomvi nayo. Kupakua tunakujua vizuri huku ziwani: meli hupakuliwa shehena bandarini, na ugali hupakuliwa ukiiva. Kote kuwili, kitu kimetoka mahali kikaingia pengine. Lakini mwaka 2012 Capcom ilitoa Street Fighter X Tekken, na wachezaji wakagundua kuwa wahusika 12 waliokusudiwa kuuzwa baadaye walikuwa tayari ndani ya diski waliyokwisha kuilipia. Walikuwa wamefungiwa tu. Hapo kilichouzwa ni ufunguo, na wahusika wenyewe hawakupakuliwa kutoka popote. Udhaifu wa istilahi hii ni huo: inataja barabara ambayo bidhaa ilipita, kisha inanyamaza kuhusu pesa, ilhali jambo lenyewe ni pesa.

Kwa hali kama ile ya diski, Kisumu ina neno lake, tena la muda mrefu. Viwanda vya samaki humchuna mbuta minofu ikasafirishwa ng'ambo, na kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama ya kubanduabandua, huuzwa kwa akina mama wa Obunga wanaokikaanga. Huo ndio mgongo wazi. Ni chakula, na kikikaangwa vyema ni kitamu, lakini hakuna anayekuuzia kwa bei ya mbuta mzima huku akikuapia kwamba ni mbuta mzima. Gemu iliyotolewa minofu kiwandani ili minofu hiyo iuzwe kando ni gemu ya mgongo wazi. Si kila DLC iko hivyo. Zipo zinazotengenezwa baada ya gemu kutoka, kwa jasho jipya, na hizo ningeziita ziada ya kulipiwa. Ziada haina harufu ya zawadi kama ilivyo nyongeza, na "ya kulipiwa" inamaliza ubishi.

Ugumu unaongezeka tukifika kwenye manunuzi madogomadogo ya simuni, ambayo vitabu hupendelea kuyaita "miamala midogo". Kenya tuna kadogo: mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya kipande. Anayenunua kadogo anajua fika kwamba kilo ingemtoka kwa bei nafuu zaidi. Tatizo ni kwamba leo pesa ya kilo hana. Nilikuwa tayari kuandika "ununuzi wa kadogo" na kufunga daftari, hadi nilipogundua tofauti inayonisumbua bado. Kwenye duka la mtaani, kilo ipo rafuni, unaiona. Katika gemu hakuna kilo. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, huchezwa bure. Free Fire nayo ni bure. Hakuna kiasi utakachotoa mara moja ukaambiwa umemaliza, gemu ni yako yote. Kadogo hufuatwa na kadogo. Hata hivyo neno nalibakiza, kwa kuwa msomaji wa Nyalenda ataelewa nusu ya jambo kabla sijamweleza.

Isitoshe, hununui kwa shilingi moja kwa moja. Shilingi hugeuzwa kwanza kuwa koini, almasi au UC, kutegemea gemu. Watu huzifananisha na tokeni za stima, na mfano huo unafaa hadi mahali fulani. Tokeni hukupa yuniti, na yuniti huisha kwa taa uliyowasha. Koini huuzwa kwa mafungu. Tuseme jezi ni koini 120 na fungu ni 100: utanunua mafungu mawili, ubaki na 80 zisizotosha kitu, zikikukodolea macho kila ukifungua simu.

Halafu kuna kasha ambalo unalipia kabla ya kujua kilichomo. Katika Ultimate Team, sehemu ya gemu za FIFA tangu 2009 na sasa za EA Sports FC, pesa yako hainunui moja kwa moja mshambuliaji unayemtaka. Unanunua pakiti, unaifungua, unaomba Mungu. Nimeona ikiandikwa "sanduku la hazina" na nikasikitika, maana hazina ni jina analolipenda muuzaji. Sisi tuna pata potea, mchezo wa karata tatu, na hakuna aliyewahi kupita stendi ya magari akakosa kuelewa maana yake. Kasha la pata potea, basi. Tofauti ipo na ni haki kuisema: mcheza karata tatu huficha karata, ilhali EA tangu FIFA 19 huonyesha uwezekano wa kupata kadi za aina fulani katika pakiti. Hilo halikuituliza Ubelgiji. Tume yake ya kamari ilikuwa imeshaamua mwaka 2018 kwamba makasha ya namna hii ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Nilimfuata mpwa wangu kwenye kibanda cha PS huko Kondele nijaribie maneno yangu. Hapo biashara ni nyingine kabisa: unalipia mechi, ukifungwa unainuka, mwingine anaketi. Pakiti hazifunguliwi, kwa sababu akaunti ni ya mwenye kibanda na wachezaji huchukua timu za kawaida, Arsenal dhidi ya Madrid mchana kutwa. Niliwaeleza kuhusu ziada ya kulipiwa. Wakaitikia kwa adabu, macho kwenye skrini. Kadogo waliipokea. Pata potea iliwachekesha, na kijana mmoja akaanza papo hapo kumwita hivyo mwenzake aliyemalizia salio la simu kwenye makasha.

Insha ilirudi wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya "gemu ya mgongo wazi", na pembeni akaandika neno moja: Samaki?