Jicho la Mtazamaji katika Historia ya Motokrosi

Tarehe 29 Machi 1924, kwenye vilima vya Camberley kusini mwa Uingereza, waendesha pikipiki wapatao 80 walianza mbio zisizo na wasimamizi wa kuhesabu makosa. Hilo lilikuwa jambo geni. Kaskazini, huko Yorkshire, Alfred Angas Scott alikuwa ameanzisha mwaka 1914 shindano la wafanyakazi wa kiwanda chake cha pikipiki. Washiriki walivuka mito na kupanda miamba, huku wasimamizi wakisimama kando na kuhesabu kila mguu ulipogusa chini. Watu wa kusini waliliiga shindano hilo ila wakawaondoa wasimamizi: atakayemaliza wa kwanza ndiye mshindi, basi. Karibu nusu tu ya walioanza walifika mwisho wa njia ya kilometa 80 hivi, na Arthur Sparks akaibuka mshindi. Mchezo ambao baadaye uliitwa motokrosi ulizaliwa siku hiyo.

Saa ilionekana kumaliza ubishi, kumbe iliuhamisha tu. Saa humtaja aliyetangulia. Haisemi kama ametangulia kwa ustadi, kwa nguvu ya injini, au kwa sababu wenzake walirundikana kwenye kona ya kwanza. Kazi hiyo ya kupima ikabaki mikononi mwa watu waliosimama nyuma ya kamba. Ndipo lilipozaliwa swali ambalo wapenzi wa mchezo huu hubishania mpaka leo: je, mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa pikipiki anaweza kusema fulani ni hodari na fulani amebebwa na mashine?

Mwanzoni swali hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa wengi wa watazamaji walifika kwenye mbio kwa pikipiki zao wenyewe. Pikipiki ndiyo iliyokuwa usafiri wa mfanyakazi asiyemudu gari, na mwanachama wa klabu aliyetazama Jumapili hii huenda alishindana Jumapili iliyopita. Mtu wa namna hiyo alijua kwa viganja vyake maana ya breki iliyolowa tope. Mchezo ulipovuka bahari, Wafaransa na Wabelgiji waliunganisha jina la pikipiki na lile la mbio za nyika, likapatikana neno motokrosi. Mwaka 1947 mashindano ya mataifa yalifanyika Wassenaar, Uholanzi, na Waingereza wakashinda. Mwaka 1952 Victor Leloup wa Ubelgiji akawa bingwa wa kwanza wa Ulaya, na mwaka 1957 Bill Nilsson wa Sweden akawa bingwa wa kwanza wa dunia.

Televisheni ndiyo iliyoleta watazamaji wa aina nyingine. Katika miaka ya 1960 BBC ilionyesha mbio za Uingereza wakati wa majira ya baridi, Murray Walker akitangaza. Jeff Smith, bingwa wa dunia wa 1964 na 1965, akawa mtu wa kuzungumzwa sebuleni na watu ambao hawakuwahi kubana klachi. Walker mwenyewe alikuwa ameshindana kwa pikipiki, na baba yake, Graham, alikuwa mwanamashindano mashuhuri. Kupitia sauti yake uzoefu wa mwendeshaji ulimfikia asiye na uzoefu. Lakini kamera ina kasoro isiyofidiwa na mtangazaji yeyote: hulaza milima. Mteremko unaomlazimu mtu ashike mti akiushuka kwa miguu huonekana kwenye kioo kama uwanda.

Lommel, nchini Ubelgiji, ndipo mahali pa kuona tofauti hiyo. Njia nzima ni mchanga. Kabla ya mbio mchanga umesawazishwa. Baada ya mizunguko michache kila kona imechimbika mashimo na mifereji. Mjuzi husimama juu ya vikanyagio, uzito ameupeleka nyuma, mafuta yamefunguliwa muda wote. Akiyapunguza ghafla, gurudumu la mbele huzama na usukani humpokonya mikono. Mtu anayekaa kwenye kona moja kwa nusu saa husikia injini ya huyu ikilia bila kukatika, na ya yule ikizima na kupanda tena. Humwona mmoja akiuacha mfereji wa ndani wanaougombania wote na kuhamia ukingo wa nje, ambako mchanga bado ni mgumu. Kuyatambua hayo hakuhitaji kovu la mtu aliyewahi kuanguka. Kunahitaji kufika kando ya njia, na subira.

Jambo lisiloonekana hata kwa karibu ni taabu ya mwili. Katika mashindano ya dunia ya leo mbio moja huchukua dakika 30 na mizunguko 2 ya nyongeza, na hurudiwa siku hiyohiyo. Wachunguzi wa Finland waliowapima waendeshaji walikuta mapigo ya moyo yakikaribia kikomo chake karibu muda wote. Misuli ya mikono huvimba mpaka vidole vinakataa kufunguka. Mtazamaji asiyejua hilo humwita mzembe mtu ambaye hawezi tena kuifikia breki, na hapo aliyewahi kuendesha humzidi kwa mbali.

Hata hivyo uzoefu nao huchakaa. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la cc 250 kwa Yamaha yenye shokapu moja ya nyuma, ubunifu wa Mbelgiji Lucien Tilkens. Katika miaka michache magurudumu yaliyokuwa yakicheza sentimeta 10 hivi yakawa yanacheza karibu 30. Mruko ambao mkongwe wa miaka ya 1950 angeuita wazimu ukawa wa kawaida, na mizani aliyoibeba mwilini mwake ikawa ya enzi iliyopita.

Mwaka 1981 uliwaumbua wajuzi hasa. Marekani ilipeleka Ulaya vijana wanne, Danny LaPorte, Johnny O'Mara, Chuck Sun na Donnie Hansen, timu iliyochukuliwa kuwa ya daraja la pili. Walishinda kwenye mchanga uleule wa Lommel, kisha wakashinda mashindano ya mataifa Bielstein, Ujerumani. Taifa lao likalishikilia taji hilo kwa miaka 13 mfululizo. Waliowadharau walikuwa watu walioujua mchezo tangu utotoni.

Marekani ilikuwa imeshaubadilisha mchezo kwa njia nyingine pia. Tarehe 8 Julai 1972 mbio zililetwa ndani ya uwanja wa Coliseum wa Los Angeles, juu ya udongo uliomwagwa kwa malori, na Marty Tripes akashinda akiwa na miaka 16. Maelfu waliona njia nzima wakiwa wameketi, jambo ambalo mtazamaji wa Camberley hakuwahi kulipata. Kutokana na miruko ya viwanja hivyo likakua tawi la mitindo huru, na waamuzi walioondolewa mwaka 1924 wakarudi. Mwaka 2006 Travis Pastrana alipinduka angani mara mbili kwa mruko mmoja, majaji wakampa alama 98.60. Kwenye njia za tope na mchanga bado hakuna jaji wa mtindo: kifaa kidogo kilichofungwa kwenye pikipiki huhesabu muda wa kila mzunguko, na mengine yote huachiwa walio nyuma ya kamba.