Picha za Wazee Wetu na Majina Yao

Jina pasipo sura husahauliwa upesi. Na sura pasipo jina ni kivuli cha mtu asiyejulikana. Neno hili limekwisha kutokea katika nchi yetu hii ya kusini, nasi twapenda kueleza habari zake, maana zatufaa sisi tukaao Nandagala na vijiji vyote vya Ruangwa na Nachingwea.

Mwaka 1906, Wadachi walipokuwa wakiitawala nchi, alifika Lindi mtaalamu mmoja, Karl Weule, kutoka makumbusho ya mji wa Leipzig. Alikuja kuchunguza desturi za watu. Alipita bonde la Lukuledi mpaka Masasi, kisha akapanda Newala katika nchi ya Wamakonde. Alikuwa na kamera, na mashine ya kunasa sauti, na mashine ya picha zinazotembea. Kitabu chake kilitoka kwa Kidachi mwaka 1908, na kwa Kiingereza mwaka 1909.

Kazi yake ina faida kubwa. Hakupiga picha za ngoma tu, bali na za kazi za kila siku. Mwanamke wa Kimakua yumo humo akifinyanga chungu, tangu udongo ungali bonge hata ukapata umbo. Lakini upo upungufu. Majumbe, kama Matola na Nakaam, wametajwa kwa majina yao. Mfinyanzi yule ametajwa kwa kabila lake tu. Wajukuu wake wakiitazama picha ile leo, watajuaje kwamba huyo ndiye bibi yao?

Tena tukumbuke majira yenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, na Wamwera walikuwa miongoni mwa waliopigana. Baada ya vita ikaja njaa. Weule naye alisafiri pamoja na askari wa serikali. Je, mtu aliyeshindwa vitani angethubutu kumwambia mgeni wa namna hiyo, "Sitaki kupigwa picha"?

Miaka sitini na zaidi ilipita. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za vita vile, na Gilbert Gwassa akakusanya maneno ya wazee wa Umatumbi na Kilwa. Safari hii mzee aliulizwa, akajibu, na jina lake likaandikwa pamoja na maneno yake. Hiyo ndiyo heshima iliyokosekana kwa mfinyanzi yule.

Basi, sasa kazi imo mikononi mwetu, maana vijana wengi wana simu zenye kamera. Lakini twaona kwamba mara nyingi mzee hupigwa picha siku ya arusi au ya sikukuu tu, amevaa nguo nzuri, ameketi kimya. Picha hiyo ni njema, walakini haituambii aliishije. Yafaa tumwone bibi akipepeta mtama kwa ungo, na babu akitia mpini katika jembe, au akisuka ukili kivulini, au akiokota korosho zake.

Lakini kwanza tupige hodi, tuamkie, tuombe ruhusa. Mzee akikataa, tumwache. Akiwa mgonjwa au hajajisitiri, tusimpige hata kama hakuona. Akikubali, tuandike jina lake, kijiji chake, mwaka, kazi aifanyayo, na jina la kazi hiyo kwa Kimwera. Kisha tumpelekee picha yake mkononi, iliyochapwa kwenye karatasi, kwa maana ni mali yake kabla ya kuwa yetu.

Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hawakai milele. Yule asiyeandikwa jina lake mwaka huu, baada ya miaka mia atakuwa "mwanamke wa Kimwera" tu, na kosa halitakuwa la mgeni tena.