Umevua 'nyoka' mtoni usiku? Angalia sehemu hizi 4 kabla hujakata uzi

Uzi umekaza, giza totoro, unavuta unaona kitu kirefu kinajisokota kwenye mshipi. Mmoja anapiga kelele, "Nyoka huyo, kata!" Mwingine anasema ni kambale tu. Nani yuko sahihi?

Mara nyingi ni mkunga. Si yule wa wodi ya wazazi, ni samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Mchana hujificha kwenye matope, mizizi na chini ya mawe. Usiku ndo hutoka kuwinda kwa kunusa, hivyo chambo chenye harufu humvuta haraka.

Kama we ni mdau wa Buguruni unayetoka na ndoano usiku, haya hapa ya kuzingatia.

Kwanza, usimshike

Muweke chini mbali na miguu, mmulike kwa tochi. Usimkanyage wala usimshike kwa mkono mtupu mpaka umtambue. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo, kata uzi. Ndoano ni bei rahisi kuliko kidole.

1. Nyuma ya kichwa

Hapa ndipo pa kuanzia. Mkunga wa mtoni ana mapezi mawili madogo, moja kila upande, na mbele ya kila pezi kuna upenyo wa mashavu ya kupumulia. Nyoka hana pezi wala mashavu. Hukuona mapezi? Rudi nyuma.

2. Mgongo na mkia

Mkunga ana pezi moja refu linalotoka mgongoni, linazunguka ncha ya mkia na kurudi tumboni bila kukatika. Kambale ana pezi la mkia lililojitenga.

3. Ngozi

Mkunga ana ute mwingi na anateleza kama sabuni. Magamba yake ni madogo sana, yamezama ndani ya ngozi, huwezi kuyaona kwa tochi. Nyoka ana ngozi kavu yenye magamba yanayoonekana wazi.

4. Mdomo

Mkunga hana sharubu. Ukiona sharubu ndefu na kichwa bapa, huyo ni kambale. Chunga mwiba wa pezi lake la ubavuni, unachoma vibaya.

Ukivua karibu na bahari

Mtoni panapokutana na maji chumvi mambo hubadilika kidogo. Kuna mkunga wa baharini, ambaye hana yale mapezi mawili nyuma ya kichwa na meno yake ni makali. Huyo hang'ati kwa mchezo.

Yupo pia nyoka wa baharini, mweusi mgongoni na wa njano tumboni, mkia umebonyea kama kasia. Ana sumu kali. Usimguse hata akionekana amekufa.

Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye jeraha wala usifunge kamba. Tulia, usitikise kiungo kilichoumwa, wahi hospitali. Kwa watu wa Buguruni, Amana ndiyo ya jirani.

Ni mkunga gani?

Mito ya Afrika Mashariki inayoingia Bahari ya Hindi, kama Rufiji na Pangani, ina aina nne za mkunga. Kuzitenganisha, angalia vitu viwili: rangi na pezi la mgongoni linapoanzia.

- Ana mabaka mwili mzima: ni mmoja wa aina mbili za madoadoa. Mmoja wao hufika urefu wa mita 2.
- Hana mabaka, na pezi la mgongoni linaanza karibu juu ya tundu la haja: ni mkunga wa pezi fupi.
- Hana mabaka, na pezi linaanza mbele zaidi, kuelekea kichwani: ni mkunga wa pezi refu.

Aina mbili za mabaka zinafanana sana, usijisumbue kuzitenganisha gizani. Piga picha ya ubavu mzima, uiangalie kukikucha.

Je, analiwa?

Analiwa, na nyama yake ina mafuta mengi. Ila apikwe akaive kabisa. Damu yake mbichi ina sumu inayokufa kwa moto. Ukimchuna usijipanguse macho, na osha mikono na kisu vizuri.

Kingine, ametoka mto gani? Hili ndilo wengi hawaliulizi. Msimbazi unapita jirani na Buguruni, Vingunguti na Kigogo, na kwa miaka mingi umekuwa ukipokea majitaka ya majumbani na viwandani. Vipimo vya wataalamu vimewahi kukuta madini mazito humo, kama risasi.

Mkunga anaishi mtoni miaka mingi, mara nyingine zaidi ya 10, akilala kwenye matope hayohayo. Madini hayo hujikusanya mwilini mwake kidogokidogo, na kumpika hakuyaondoi. Moto unaua vijidudu, hauui risasi. Wanaoumia zaidi ni watoto na wajawazito. Kwa hiyo wa Msimbazi, hata akiwa mnono vipi, mrudishe majini.

Mkubwa mwenye tumbo la fedha

Ukimpata mkunga mkubwa, macho makubwa, tumbo linang'aa kama fedha, jua yuko safarini. Anashuka kwenda bahari kuu kutaga mayai, mara moja tu maishani, kisha hufa. Watoto wake husukumwa na mikondo mpaka pwani, wakiwa wembamba na angavu kama kioo, ndipo wapande mitoni.

Huyo ukimwachia, umeacha mbegu.