Kalamu na Ujira: Habari za Makarani wa Hesabu Butembo na Beni

Katika kila duka kubwa la Butembo yumo mtu asiyebeba mzigo wala kuuza kitambaa. Ameketi nyuma, ameinamia kitabu. Huyo ni karani wa hesabu, na mara nyingi pembeni yake yuko kijana anayejifunza kazi. Ukimwuliza kijana apata kiasi gani kwa mwezi, aweza kukujibu kwamba apewa nauli, au chakula cha mchana, au hapewi kitu, maana bado ajifunza. Neno hilo, kujifunza, lina historia ndefu, nalo limefunika mambo mengi. Yafaa tulichungue.

Kazi yenyewe haikukua mbali na Kanisa. Aliyetangulia kupiga chapa mafundisho ya kuandika kila jambo mara mbili, upande wa kupokea na upande wa kutoa, alikuwa mtawa Mfransisko, Luca Pacioli. Kitabu chake kilitoka Venesia mwaka 1494. Baadaye wakaguzi wa hesabu wa Uskoti na Uingereza walijiunga katika vyama vyenye hati ya kifalme, Edinburgh mwaka 1854, London mwaka 1880. Nao walikuwa na desturi ya ajabu. Kijana aliyetaka kujifunza hakulipwa. Baba yake ndiye aliyemlipa bwana mkaguzi, pengine fedha nyingi sana, kisha kijana akatumika miaka kama mitano. Hivyo mtoto wa maskini, hata awe na akili namna gani, alibaki nje. Desturi hiyo ilififia tu baada ya vita vya 1939-1945.

Kwetu mlango ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Komiti ya Taifa ya Kivu ili kugawa ardhi kwa walowezi. Kampuni ya madini iliyoitwa MGL ilichimba dhahabu Manguredjipa na Lutunguru. Walowezi walipanda kahawa upande wa Beni na Lubero. Wagiriki walifungua maduka. Wote hao walihitaji watu wa kuandika: majina ya wafanyakazi, siku za kazi, kilo za posho, magunia ya kahawa. Na watu wa kuandika walitoka wapi? Walitoka hasa katika shule za misioni. Mapadre Waasumpsioni walifika mwaka 1929, na mwaka 1938 Beni ikawa vikarieti chini ya Monsinyori Henri Piérard. Vijana wengi wa Kinande walishika kalamu mara ya kwanza mikononi mwa mapadre hao na masista.

Lakini kalamu haikumwondoa mtu chini ya sheria ya vibarua. Kwa dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, Mwafrika aliyetia sahihi katika kontra, kisha akaacha kazi kabla ya muda, aliweza kufungwa gerezani. Kwa hilo karani hakutofautiana na mchimba dhahabu. Mzungu aliyeketi meza ya pili alikuwa na mkataba mwingine, wenye sheria yake na mshahara wake. Ruhusa ya Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi ilitoka mwaka 1946 tu, tena kwa masharti mengi. Wala tusiwalaumu walowezi peke yao: walimu wa misioni walijulikana kwa mshahara mdogo kuliko wa makarani wa kampuni, ijapokuwa Papa Leo XIII alikuwa amefundisha tangu 1891 kwamba mapatano ya bwana na mfanyakazi hayatoshi, ikiwa ujira haumtoshi mtu kuishi.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Léopoldville. Joseph Kasa-Vubu alisoma seminari kubwa ya Kabwe, akatoka, akawa mwalimu, na mwaka 1942 akaingia ofisi ya fedha ya serikali kuwa karani wa hesabu. Alikaa huko zaidi ya miaka kumi. Alipanda ngazi mpaka cheo cha juu alichoruhusiwa Mwafrika, yaani karani mkuu. Mbele yake ukuta. Mwaka 1959, siku za mwisho za utawala wa Wabelgiji, katika vyeo vya juu vya serikali vilivyopita 4,000, Wakongo walikuwa watatu tu. Mwaka uliofuata yule karani akawa Rais wa kwanza wa Kongo. Basi tusiseme kwamba watu walikosa elimu ya kupanda.

Baada ya uhuru ukuta ule ulianguka, ukaja msiba mwingine. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 kwa franga moja. Karani wetu aweza kuzidisha mwenyewe: zaire za zamani 300,000,000,000 kwa franga moja! Mwenye duka aliokoa mali yake katika bidhaa na dola. Mwenye mshahara hakuwa na ghala.

Hata hivyo wafanyabiashara wa Butembo walikuwa na chuo chao wenyewe. Kijana alikwenda kwa mjomba au baba mdogo, akafagia duka, akapakia maharage katika lori, akaandika madeni, miaka mingi bila mshahara. Lakini alilala na kula hapo, na mwisho, akionekana mwaminifu, alipewa mtaji au bidhaa kwa mkopo aanze duka lake. Maduka mengi ya mji huo yalizaliwa hivyo. Sisifu yote, maana wako wajomba waliosahau ahadi. Lakini kujifunza kule kulikuwa na mwisho, na ujira uliocheleweshwa ulikuwa bado ujira.

Ofisi za leo zimechukua nusu ya kwanza ya desturi hiyo, zikaiacha ya pili. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza Butembo mwaka 1989, siku za Askofu Emmanuel Kataliko, na wasomi wa uchumi hutoka huko kila mwaka. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara wa OHADA mwaka 2012, na sheria ya Februari 2015 ikaunda chama cha taifa cha wataalamu wa hesabu. Makampuni makubwa ya ukaguzi yako Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege. Kijana wa Beni asiye na ndugu huko atalala wapi? Na kazi yenyewe ni nzito: hesabu za mwaka hufungwa katika miezi minne ya kwanza, na siku hizo taa za ofisi huwaka mpaka usiku. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya mkataba wa kujifunza kazi. Mwaka 2018 kima cha chini cha mfanyakazi asiye na ufundi kiliwekwa franga 7,075 kwa siku. Kijana mwenye diploma, aliyekesha na vitabu vya watu, mara nyingi haambulii hata hicho; mwisho apewa karatasi ya kushuhudia kwamba alikuwapo.

Parokia zetu, shule zetu na hospitali zetu nazo hupokea wanafunzi hawa. Ukifungua daftari la matumizi utaona mafuta ya gari, karatasi, wino, sabuni. Halmashauri za parokia zikutanapo kupanga matumizi ya mwaka, ziandike hapo mstari mmoja zaidi: nauli na chakula cha anayejifunza hesabu, pamoja na kitu cha kupeleka nyumbani mwisho wa mwezi.