Eropleni Hujuaje Kimo Chake?

Wasikilizaji wangu, eropleni ikiisha kuingia katika wingu, rubani haoni ardhi wala nyota. Na mwili wake nao humdanganya: aweza kudhani kuwa anapanda, kumbe anashuka. Basi ajuaje kimo chake na mwendo wake? Huipima hewa yenyewe; na elimu hiyo ilianza zaidi ya miaka 250 kabla ya eropleni ya kwanza kuruka.

Mwaka 1643, katika nchi ya Italia, mwanachuoni Evangelista Torricelli alifanyiza jaribio. Bomba la kioo, lililozibwa upande mmoja, lilijazwa zebaki, kisha likapinduliwa katika bakuli lenye zebaki. Zebaki ya bombani ilishuka kidogo, ikasimama kiasi cha sentimeta 76. Ni nini kilichoizuia isimwagike yote? Ni uzito wa hewa ulioilemea ile ya bakulini. Kumbe sisi twakaa chini ya hewa kama samaki akaavyo chini ya bahari!

Ikiwa ni hivyo, apandaye juu hana budi kupunguziwa mzigo huo. Mfaransa Blaise Pascal alitaka neno hili lithibitishwe. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, aliupanda mlima Puy de Dôme pamoja na bomba la zebaki, na bomba jingine akaliacha chini likiangaliwa na mtawa. Zebaki ya chini haikubadilika kutwa. Ile ya mlimani ilishuka sentimeta 8 hivi. Tangu hapo kimo kikapata kipimo chake.

Lakini bomba la zebaki si chombo cha safari, maana huvunjika upesi. Mwaka 1844 Mfaransa mwingine, Lucien Vidie, alitengeneza kijisanduku cha madini chenye kuta nyembamba, kilichotolewa hewa ndani. Hewa ya nje ikiwa nzito hubonyea. Ikiwa nyepesi hutanuka, na mshale huonyesha. Kijisanduku cha namna hiyo ndicho kilichotiwa katika kipimo cha kimo cha eropleni. Na kwa kuwa uzito wa hewa hubadilika siku kwa siku, rubani huambiwa kwa redio kipimo cha hewa ya kiwanja, akarekebisha chombo chake kabla ya kutua.

Ama kipimo cha mwendo, asili yake ni mtoni. Mwaka 1732 Henri Pitot alitumbukiza bomba lililopindwa katika mto Seine, mjini Paris, mdomo wake ukiukabili mkondo. Kadiri maji yalivyokwenda kasi, ndivyo yalivyopanda bombani. Eropleni nayo ina bomba liukabililo upepo, na tena matundu madogo ubavuni. Bomba hupokea uzito wa hewa pamoja na msukumo wa mwendo. Matundu hupokea uzito peke yake. Chombo huondoa huu katika ule, na tofauti yake ndiyo ionyeshayo mwendo.

Tarehe 24 Septemba 1929, huko Marekani, James Doolittle aliruka, akazunguka, akatua, naye amefunikwa asione nje. Aliongozwa na vyombo na ishara za redio tu, na rubani wa pili alikuwamo kwa hadhari. Kimoja cha vyombo hivyo kilikuwa kipimo cha kimo kilichotengenezwa na Paul Kollsman.

Walakini vyombo hivi hutegemea matundu yaliyo wazi. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996 eropleni moja iliondoka Lima, nchi ya Peru. Walioisafisha walikuwa wameyafunika matundu ya ubavuni kwa utepe wa kunata, wakasahau kuubandua. Juu ya bahari, gizani, vyombo vikawapa marubani habari za uongo. Wakadhani wako juu sana, kumbe maji yako karibu. Watu wote 70 waliokuwamo walikufa.

Ndiyo sababu, kabla ya safari, eropleni huzungukwa kwa miguu, na matundu yale yakatazamwa moja moja. Ni madogo sana, lakini maisha ya abiria wote hupita humo.